Kilio Kilichokatwa

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimetoka ukumbi wa parokia sasa hivi na sitaki kula kwanza, nataka kuandika. Wameonyesha tena *Taa za Dagaa*, filamu ya Luhaga, kijana aliyekulia hapahapa Buswelu, anayepiga picha kwa kamera ya kuazima na kuzihariri mwenyewe kwenye chumba cha kupanga huko Ilemela. Hana kampuni nyuma yake. Hana mchekeshaji wa kuangushwa kwenye tope ili watu wacheke. Watu wake wanaongea kama tunavyoongea sisi, wanasema "mchere" na "kurara", na hakuna anayewasahihisha.

Ninayempenda zaidi ni yule mtoto ambaye mbuzi wake anauzwa. Anasimama mlangoni, anajifuta machozi kwa kiwiko, na kamera haimkimbii. Kila filamu ikifika pale nalia, ingawa najua kitakachotokea.

Gladness, mwalimu mwenzangu wa hesabu, alikuwa anapiga miayo. "Bernadeta, mtu anachota maji mpaka ndoo inajaa na sisi tumekaa tunamwangalia! Kwa nini?" Nikamwambia ni kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kututazama sisi kwa muda mrefu hivyo. Akasema yeye mumewe akimtazama muda mrefu hivyo atamuuliza amefanya kosa gani.

Baadaye nilikwenda kumsalimia Luhaga. Mwembamba, mpole, anaongea akitazama mikono ya mtu badala ya uso. Akasema, "Wewe ndiye uliyelia mstari wa mbele." Niliona aibu na nilifurahi. Anatafuta mama mtu mzima kwa ajili ya filamu mpya. "Asiwe mwigizaji," alisema. "Awe mama tu." Nikamwambia kwa utani kwamba mama wa namna hiyo ninaye nyumbani.

Jumapili, 13 Oktoba

Kumbe hakuuchukulia kama utani. Leo baada ya misa amekuja. "Mwangaluka, mayu," akamsalimia mama kwa Kisukuma, kisha shikamoo, na mama akaitikia yote mawili, akamwekea kigoda karibu naye.

Mama yangu, Ng'washi, alihamia kwangu kutoka Usagara baada ya kumzika baba. Ni mtu wa maneno machache. Mdogo wangu Kija, kitinda mimba wake, alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, mwanzoni akawa anapiga simu, kisha simu ikawa haipatikani. Huu ni mwaka wa tatu. Mtu akimuuliza mama habari za watoto hujibu, "Huyu mwalimu ninaye hapa, yule mwingine yuko kazini." Basi. Hata mimi haniambii zaidi ya hapo.

Luhaga akaeleza filamu yake. Itaitwa *Udongo wa Njano*, nayo inamhusu mwanamke anayemngoja mwanawe aliyekwenda machimboni. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka kidogo. "Hayo si maigizo, baba. Hiyo ni kazi yangu ya kila siku."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, mama."

Akakubali. Sijui nani alishangaa zaidi, mimi au yeye mwenyewe.

Nilimsindikiza Luhaga hadi barabarani. Akaniuliza Kija ni mtu wa namna gani, nami nikafunguka kama bomba lililopasuka. Nilimweleza kovu lake chini ya sikio la kushoto, alilolipata kwa kuungua na uji akiwa anajifunza kutambaa. Nilimweleza anavyomwita mama kwa jina lake, "Ng'washi wee," na mama anavyojifanya kukasirika. Luhaga hakuandika chochote, alisikiliza tu. Niliporudi nyumbani nilijisikia mwepesi. Hakuna aliyekuwa ameniuliza habari za Kija kwa muda mrefu.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua ya kwanza. Fupi, lakini imeosha mawe yote ya mlimani yakang'aa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Leo nimekwenda kuwatazama wanavyopiga picha, kule Igombe ufukweni, kwenye nyumba ya mawe waliyoazima. Gladness naye yumo, anaigiza jirani mwenye domo, na hahitaji kufundishwa. Ametubu yote aliyosema kuhusu ndoo ya maji.

Mama alikuwa anatakiwa kufagia uwanja. Mara ya kwanza alifagia kama anapigwa picha ya kitambulisho. Luhaga hakumkemea. Alimpokea ufagio taratibu, akaketi naye chini, wakaongea habari za mihogo ya Usagara mpaka mama akasahau kamera. Kisha akamwambia, "Sasa mama, hapa pachafu." Mama akainuka akafagia, na nilimwona mama yangu hasa, hata ile tabia yake ya kusimama katikati ya kazi na kutazama njia.

Sikuwahi kujua kwamba hutazama njia. Luhaga alikuwa anajua.

Mama amerudi nyumbani akiwa amenyoosha mgongo. Amekula vizuri. Ameniuliza kama kitenge cha bluu kinampendeza. Nilipiga magoti kitandani nikamshukuru Mungu kwa ajili ya kijana huyu.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua kutwa. Hawakupiga picha. Mama alikuwa anaudhika kama mtoto aliyenyimwa sherehe.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimepangiwa kusimamia mtihani wa kidato cha nne kwenye shule moja kule Usagara. Naondoka kabla jua halijachomoza, narudi nikiwa nimelowa mpaka magotini. Mama anakwenda Igombe na Gladness, wanachukuliwa na gari aliloazima Luhaga. Tunaonana kwa shida.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemkuta mama amelala mapema, ameelekea ukutani. Anasema amechoka. Hakula.

Jumamosi, 16 Novemba

Nilikuwa namenya ndizi, mama yuko mlangoni anatazama mvua. Akauliza, "Mtu akifukiwa na udongo kule machimboni, wanamtoa au wanamwacha humohumo?"

Nikadhani ni maneno ya filamu. Nikamjibu kama mwalimu: inategemea kina cha shimo, inategemea kama udongo bado unaporomoka. Akaitikia kwa kichwa, akashukuru. Alinishukuru!

Jumatatu, 18 Novemba

Amefua khanga nyeusi alizovaa kwenye msiba wa baba, amezianika ndani kwa sababu ya mvua. Nimeuliza kwa nini. "Zilikuwa na harufu ya sanduku." Bado hali. Kesho nitamwomba Luhaga ampumzishe.

Jumatano, 20 Novemba

Leo sikuwa na zamu ya kusimamia, nikaenda shuleni kwetu. Gladness alinidaka kwenye ofisi ya walimu, macho yanamng'aa.

"Mwenzangu, mbona hukutuambia mama yako ni mwigizaji wa kiasi kile? Alhamisi iliyopita alitufanya tulie wote! Alivyoambiwa mwanawe amefukiwa, akaanguka chini, akalia, jamani, mpaka mpiga picha alikuwa anafuta machozi. Luhaga mwenyewe alikwenda kumkumbatia."

"Aliambiwa na nani?"

"Na yule fundi seremala wa Kirumba, Nurudin, anayeigiza mtu wa machimboni. Akamtajia jina, akamtajia na kovu…"

"Jina gani?"

Nadhani hapo ndipo na Gladness aliposikia alichokuwa anasema. "Kija," akasema polepole. "Nilidhani mmekubaliana. Nilidhani mama mwenyewe ndiye aliyetaka jina hilo."

Niliomba ruhusa nikarudi nyumbani. Mama alikuwa jikoni, amekaa tu, moto haujawashwa. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, Alhamisi ile walikuambia nini?"

"Mtu alikuja akaniambia wamemkuta Kija kwenye duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, lililobomoka. Akasema wamemtambua kwa kovu la chini ya sikio."

"Mama, yule ni mwigizaji. Ni filamu."

"Ndivyo Luhaga alivyosema baadaye. Alinikumbatia akasema, mama, ni filamu tu." Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa na sijaambiwa. "Ni kijana mzuri. Aliona nimeanguka vibaya akaogopa nitakufa palepale, akaamua kunidanganya. Lakini yule mtu alijuaje kovu, Bernadeta? Huku kovu hilo linajulikana na mimi na wewe tu."

Nilimwambia tu kwamba haikuwa kweli, haikuwa kweli, nikarudia mpaka maneno yakachoka. Akanipigapiga mgongoni. "Lia, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Mimi nilishalia."

Sikumwambia ni nani aliyesema habari za kovu. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayenitazama.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimepiga simu machimboni, nimempata mwenyekiti wa wachimbaji kupitia kwa mzazi mmoja wa shuleni. Hakuna duara lililobomoka upande wao msimu huu. Kija? Aliwahi kuwapo, akaondoka na wenzake kwenda kwingine, hajui wapi. Nimempa mama simu asikie mwenyewe. Amesikiliza kwa adabu, akamshukuru yule mtu, akanirudishia. "Na huyu naye ana huruma," akasema.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimekwenda Ilemela. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Chumba cha Luhaga kiko juu kabisa, kimeegemea jiwe, maji ya mvua yalikuwa yanateremka pembeni mwa ngazi kama mto. Alinifungulia akiwa na taulo shingoni. Ndani kuna kitanda, meza, kompyuta na dirisha linaloona ziwa.

"Mwalimu, nilitaka kukuita. Kabla hujasema lolote, tazama."

"Sikuja kutazama."

Lakini alikuwa ameshabonyeza.

Mama yuko uwanjani anapepeta mchele kwenye ungo. Nyuma yake ziwa ni la kijivu, wingu limeinama. Nurudin anaingia, anavua kofia. Upepo unakula maneno yake, unasikia nusu nusu: Kija, duara, sikio. Mikono ya mama inasimama lakini ungo unaendelea kuinama, mchele unamwagika taratibu miguuni pake na yeye hauoni. Anainuka. Anakaza khanga kiunoni kama mtu anayekwenda safari, tena anamwambia Nurudin, "Twende." Anapiga hatua, halafu miguu inamkataa, anaketi chini. Ndipo sauti inatoka.

Sauti ile siijui. Nimeishi na mama, nimemzika baba nikiwa nimemshika mama mkono, na siijui sauti ile. Kwenye msiba wa baba alilia kwa adabu, kama wajane wenye wageni wa kuhudumiwa. Hii haikuwa na adabu. Ilikuwa ya mtu aliyekaa na kitu miaka mitatu bila kukiweka chini.

Ilipokwisha nilisema, "Rudisha."

Naandika kama ilivyokuwa. Sikusema zima, wala sikusema futa. Nilisema rudisha, na akarudisha, na nikatazama tena mpaka mwisho, na kati ya yote niliyowahi kuona kwenye skrini hakuna kilicho kizuri kama kile. Nililia. Halafu nikakumbuka nilichofuata.

"Ulimwambia nini mama kabla ya kupiga picha?"

"Kwamba leo anapepeta mchele."

"Basi?"

"Basi. Ningemwambia ukweli angeigiza, mwalimu. Umemwona akiigiza. Nilijua ataumia kidogo, nikasema nitamkumbatia palepale nimwambie ni filamu. Na nilifanya hivyo."

"Hakukuamini."

"Hakuniamini vipi?"

"Anaamini mlimwambia kweli, kisha mkamwonea huruma. Ameanika nguo za msiba, Luhaga. Hali. Ameshaanza kumzika."

Alikaa kitandani. Kwa hakika hakuwa anajua. Alifunika uso kwa lile taulo. Nje mvua iliongezeka, ikawa inapiga bati mpaka tukashindwa kuongea, tukangoja.

Ilipopungua nikamuuliza jambo lililokuwa linanikaba tangu nilipoingia. "Na yule mtoto wa *Taa za Dagaa*? Yule mbuzi?"

Aligeuka, akaizima kompyuta.

"Mbuzi alikuwa wake kweli?"

"Alikuwa wake."

"Na mlimwuza."

"Tulimpa mwingine baadaye. Mkubwa zaidi."

Kumbe machozi yale niliyoyalilia mstari wa mbele yalikuwa ya mtoto aliyenyang'anywa mbuzi wake mbele ya kamera. Nilimwambia ni mwizi. Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema bila hasira:

"Ungesemaje, mwalimu, kama huyu angekuwa mama wa mtu mwingine?"

Nilichukua mwavuli wangu nikatoka. Nimekuwa nikimjibu tangu pale, njiani, kwenye kivuko cha mtaro, hapa mezani, na kila jibu ni la uongo. Angekuwa mama wa mtu mwingine ningekaa mstari wa mbele.

Jumapili, 24 Novemba

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 26 Novemba

Nimemtumia Luhaga ujumbe: amlete Nurudin nyumbani kwangu aseme kwa mdomo wake. Amejibu kwamba alikuwa ameshamtafuta.

Alhamisi, 28 Novemba

Wamekuja leo mchana, mvua imepumzika. Nurudin ni mtu mzima, mnene, vidole vimejaa vumbi la mbao. Hakukubali kuketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Mama alimtambua mara moja, akasogea mbele kwenye kiti. "Umekuja kunionyesha alipo?"

Nurudin alishika kichwa. "Mama, simjui mwanao. Wallahi simjui, sijawahi kukanyaga machimboni. Mimi natengeneza vitanda Kirumba. Niliambiwa maneno, nikayashika, nikayasema. Nilijua nawe umeambiwa. Ulipoanguka nikasema huyu mama anajua kazi. Nilikwenda nyumbani nikakusifia kwa mke wangu." Sauti ilimkatika. "Nisamehe, mama. Ningejua nisingefungua mdomo."

"Na kovu?"

"Niliambiwa na huyu."

Mama akamgeukia Luhaga. Alikuwa amepiga magoti karibu na mlango, hajainua uso.

"Na wewe uliambiwa na nani?"

Luhaga alikaa kimya. Niliona anakaa kimya kwa ajili yangu, na nilimchukia na nikamheshimu kwa pamoja.

"Na mimi, mama," nikasema. "Ile siku nilipomsindikiza."

Mama alitutazama mmoja mmoja, kama anatuhesabu. "Kwa hiyo Kija hajafa."

"Hatujui, mama."

"Juzi nilikuwa najua."

Kuku aliingia, akatembea katikati yetu, akatoka. Kisha mama akaanza kuongea, na kwa mtu wa maneno machache kama yeye haya yalikuwa mengi.

"Mnaona mimi nakaa kimya mnadhani nimesahau. Nilikuwa nimekiweka kilio cha Kija. Nilijua siku habari ikija nitalia namna gani. Ningelia mbele ya ndugu zake, kule Usagara, kwenye uwanja aliochezea. Hata sauti nilikuwa nayo, nimeitunza, silii ovyo nisiimalize. Sasa mmekuja mmeichukua. Nimemlilia fundi vitanda. Nimelilia mchele. Siku wakija watu wa kweli na habari ya kweli, nitalia nini, baba? Nitawapa nini watu?"

Nurudin alikuwa analia waziwazi. Luhaga akasema, "Mama, niambie nifanye nini."

"Kazi yako mimi siijui. Wewe ndiye unayeijua."

Akainuka, akaenda kuwasha moto. Ni mara ya kwanza tangu ile Alhamisi. Wale wawili waliondoka bila chai. Pale nje Luhaga aliniambia kuna tamasha moja la filamu huko nje ya nchi, aliwapelekea lile tukio peke yake, wamelipenda, wanaingoja filamu nzima. Aliniambia tu. Hakuniomba kitu.

Mama amekula uji.

Jumatatu, 2 Desemba

Ujumbe wa Luhaga, neno moja: "Nimeikata."

Ijumaa, 6 Desemba

Shule zimefungwa. Mama ameziondoa khanga nyeusi kwenye kamba, amezikunja. Hajazirudisha sandukuni, ameziweka juu ya kiti.

Jumamosi, 14 Desemba

Wameonyesha *Udongo wa Njano* kwenye ukumbi wa parokia. Sikutaka mama aende. Alivaa kitenge cha bluu akanitangulia kutoka.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, tukawa tunasikia nusu ya maneno. Mama alikaa kati yangu na Gladness. Alipojiona anafagia alicheka, akaninong'oneza, "Kumbe natembea kama bata." Watoto wa nyuma walimpigia makofi. Aliponyanyua kichwa katikati ya kufagia na kutazama njia, ukumbi wote ulitulia, na mimi nikasema moyoni, huyu kijana anaona. Huwezi kumnyang'anya hilo.

Kisha ikafika sehemu ya mchele. Nilimshika mama mkono. Nurudin anaingia, anavua kofia, anafungua mdomo. Halafu ziwa. Mvua juu ya ziwa. Halafu mlango wa ile nyumba ya mawe, umefungwa. Halafu tayari ni siku nyingine na jirani Gladness anapita na domo lake.

Watu wakakohoa. Mtu nyuma yangu akauliza, "Umeme umekatika?" Mwingine akamjibu, "Hapana, ndivyo ilivyo." Mkono wa mama ulilegea ndani ya wangu. Alikuwa amebana pumzi, sasa akaziachia.

Na mimi nilikuwa naitaka. Nilikaa pale pembeni ya mama yangu, nimemshika mkono, nikaitaka ile sauti kama mtu anavyotaka maji. Bila ile sauti filamu ilikuwa kama nyumba isiyo na chumba cha katikati, kila mtu anaingia anageuka anatoka. Baadaye watu walipiga makofi ya heshima. Nilimsikia mzee mmoja akisema ile ya kwanza ilikuwa tamu zaidi, hasa pale kwa mtoto na mbuzi.

Luhaga alikuja tukiwa tunangoja mvua ipungue. Alimwamkia mama, mama akamwitikia, akaenda kuongea na wanawake wa jumuiya waliomzunguka.

"Sema kweli, mwalimu."

"Imepungua."

"Najua. Wale wa tamasha nao wameniandikia. Wanasema haina moyo."

"Na sitaki uirudishe."

"Najua."

"Umeifuta?"

Alitazama mikono yangu. "Nimeitoa kwenye filamu," akasema.

Nilielewa. Bado iko kule juu, kwenye chumba kinachoegemea jiwe. Ningeweza kumwambia afute, na baada ya yote yaliyotokea nadhani angefuta. Maneno yalifika kwenye ulimi. Nikafungua mwavuli nikamwita mama.

Jumapili, 15 Desemba

Gladness anaona nimeiharibu filamu. Hajasema hivyo. Amesema, "Ilikuwa ndefu," akageuza mazungumzo.

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Simu ya Kija haipatikani. Nilijaribu kwa siri, kumbe na mama alikuwa anajaribu kwa ya jirani.

Jumapili, 29 Desemba

Mvua zinaelekea kuisha, au zinapumzika. Luhaga alikuja mchana, peke yake, amevaa shati lililopigwa pasi. Amerudi kupiga picha za harusi kwa sasa. Anasema kuna filamu nyingine kichwani lakini hajui aipige vipi. Anasema siku hizi akimwambia mtu "fanya tu, usiigize," anajisikia kama anamwibia. Mtu huyu nilimwita mwizi kwa mdomo wangu, na leo nilitamani kumtetea mbele yake mwenyewe.

Mama alituandalia ugali na sato. Tulipomaliza kunawa, akamuuliza Luhaga kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Ile ya mimi kuanguka, uliitupa?"

Luhaga alinitazama, akaona sina msaada wa kumpa. Akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Hapana, mama. Ipo. Nilishindwa kuifuta. Ukisema leo, naifuta leo."

Mama alifuta mdomo kwa ncha ya khanga. Alitazama nje, kule njia inakopanda kutoka barabarani.

"Itunze," akasema. "Watu wasiione. Lakini Kija akirudi nataka umkalishe chini aitazame yote, asikie alivyonifanya."

Luhaga alisema, "Sawa, mama." Mimi nilianza kukusanya sahani. Hakuna kati yetu aliyethubutu kuuliza itakuwaje asiporudi, na mama, ambaye nadhani alituona tunavyokwepa, alimsogezea Luhaga bakuli akamwambia amalizie mchuzi.